Waliokuwa Chini ya Lami

Nilifika Kigoma wakati meli zilikuwa zikishusha watu badala ya mizigo. Walikuwa wakimbizi wa Burundi wakitokea Kagunga, kijiji cha mpakani kilichobanwa kati ya mlima na maji, ambako walikuwa wamelala ufukweni wiki nzima wakisubiri nafasi. Bandarini walishuka na magodoro vichwani, masufuria, kuku waliofungwa miguu, watoto waliofungwa mgongoni. Hawakuwa na kelele. Umati mkubwa namna ile, na ulichokisikia ni ndala tu zikiburuzika kwenye saruji.

Mimi ni mtu wa Iringa, mhandisi wa barabara. Kampuni iliyoniajiri ilikuwa imepewa kazi ya kukagua barabara inayotoka mjini na kupanda kuelekea Kasulu, ijulikane kama itahimili magari mazito. Malori ya mahindi na mafuta ya kula yaliyopakiwa pale stesheni ya reli kwenda kambini yalikuwa yanaongezeka, na nyuma yake lilikuwa linakuja trela refu lenye jenereta la umeme, mzigo ambao barabara ile haikuwahi kubebeshwa. Lami ilikuwa imeanza kutitia sehemu sehemu. Badala ya kuibomoa yote kutafuta ugonjwa, tulitumia rada.

Ilikuwa sanduku la rangi ya chungwa lililofungwa nyuma ya pikapu, likining'inia karibu na lami. Sanduku hilo linatuma mawimbi ardhini, mawimbi yanagonga kila tabaka na kurudi, na kwenye kompyuta niliyoipakata nikawa naiona barabara kama mkate uliokatwa kwa kisu: juu lami, chini yake kokoto, kisha moramu, udongo wa changarawe ulioshindiliwa, kisha udongo wa asili. Palipoingia maji panaonekana. Penye uwazi panaonekana. Palipowahi kuchimbwa na kufukiwa napo panaonekana, hata kama aliyechimba amekwisha kusahau, kwa sababu udongo ukishachimbwa haurudi tena kulala ulivyokuwa.

Dereva wangu alikuwa kijana wa Ujiji, rika langu, mwembamba, mcheshi, mtu wa kofia kila Ijumaa. Kiswahili chake kilikuwa kile cha Ujiji chenye mapozi, na kilinifanya mimi wa nyanda za juu nijisikie nina mawe mdomoni. Aliongea bila kuchoka: mpira, bei ya migebuka, samaki wa ziwa lile, wapi mtaa wa Mwanga kuna fundi cherehani asiyekupotezea siku. Aliongea kutoka tunapowasha gari mpaka tunapozima, isipokuwa sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ilikuwa pale uwanja wa mpira.

Wakimbizi waliwekwa uwanjani wakisubiri mabasi ya kuwapeleka kambini. Tulilazimika kupita nje ya ukuta wa uwanja kila asubuhi. Harufu ya maji yenye dawa ilitoka hadi barabarani. Siku moja mama mmoja alikuwa amekaa nje ya geti akimbembeleza mtoto aliyekuwa akilia kilio kile chembamba cha mtoto aliyeishiwa nguvu. "Hora," alimwambia. "Hora, hora." Nyamaza, nyamaza, kwa Kirundi. Dereva akapandisha kioo.

"Vumbi," akasema.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Hapakuwa na vumbi mji mzima.

Sehemu ya pili sikuijua mpaka tulipofika na rada. Ukimaliza nyumba za mwisho za mji, barabara inapanda kilima chenye michikichi na mashamba ya mihogo, na upande wa kushoto kuna mteremko mfupi uliotulia. Hapo lami ilikuwa imezama kidogo, si sana, kiasi cha gari kuyumba kama linavuka shuka lililokunjamana. Tulikuwa tukienda mwendo wa mtu anayetembea. Tabaka kwenye kioo cha kompyuta zilikuwa zimenyooka, moja juu ya nyingine kama mikeka. Ghafla zikakatika. Zikaendelea kidogo, zikakatika tena. Zikaendelea, zikakatika.

"Rudi nyuma kidogo," nikasema.

Hakurudi.

"Kaka, rudi nyuma. Kuna kitu."

Akarudi polepole, kisha akafunga breki na kuinama upande wangu kutazama. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutaka kuiona ile picha. Niliona mikato ardhini, mmoja pembeni ya mwingine, yote imelala upande mmoja, imeachana kwa nafasi zinazofanana, mingine kwenye bega la barabara na mingine imeingia chini ya lami. Ndani ya baadhi kulikuwa na vijipinde vidogo, alama ya kitu kilichofukiwa. Nikauliza, zaidi nikijiuliza mwenyewe: "Vitu gani hivi vimepangwa hivi?"

"Mawe," alisema kwa sauti ya chini.

Jibu lilinitosha kwa siku ile. Nikaandika: mawe, huenda mabaki ya msingi wa jengo la zamani.

Tulirudi pale siku zilizofuata na rada ndogo ya kusukuma kwa mkono, tukikokota mistari ya kwenda na kurudi kama anayepiga pasi. Yeye alikuwa akisimamisha magari na bendera. Nikaanza kuona mambo. Kila tulipokuwa tukipanda na pikapu, akifika mteremko ule alihamia upande wa kulia, upande usio wetu, hata lori likiwa linakuja mbele likipiga honi. Nilimgombeza. Aliomba radhi, na kesho yake akafanya vilevile. Na hakukanyaga pale. Vibarua walikaa kwenye bega la barabara kula mihogo. Yeye alikula akiwa amesimama ng'ambo.

Mchana mmoja msafara wa mabasi ulipita umejaa watu wa uwanjani wakipelekwa kambini. Tulisogeza vifaa vyetu pembeni. Kwenye basi mojawapo watu walikuwa wakiimba, wimbo wa kanisani kwa Kirundi, si kwa furaha wala kwa huzuni, bali kama watu wanaoimba ili wasizungumze. Mabasi yalishuka kwenye lile bonde dogo la lami, yakayumba, yakapanda, moja baada ya jingine.

"Wanapita juu yao," dereva akasema.

"Juu ya nani?"

Akakunja bendera yake na kurudi kwenye gari.

Mkuu wangu alikuwa Dar es Salaam. Nilimtumia picha, naye akapiga simu: shimo la majaribio lichimbwe, tujue ni nini, tulishindilie upya na kuweka zege kabla trela halijafika. Ni utaratibu wa kawaida. Rada inakuambia kuna kitu. Jembe ndilo linakuambia ni kitu gani. Jioni tulipokuwa tukirudi mjini nilimwambia dereva kwamba kesho vibarua wataanza kuchimba pale penye mawe.

Tulikuwa Mwanga, karibu na soko, watu wamejaa barabarani. Akaegesha gari mbele ya duka la vitenge na kuzima injini. Mikono ilibaki kwenye usukani.

"Dada, msichimbe pale."

"Kwa nini? Ni mawe tu. Wewe mwenyewe ulisema."

"Nilisema mawe." Alikuna usukani kwa ukucha. "Kwa Kirundi, *mawe* ni mama. Mama yangu. Nilipoona ile picha neno lilinitoka. Sijalisema tangu nikiwa mtoto. Sikujua kama bado ninalo."

Nilimtazama mtu ambaye nilidhani namjua. Nje fundi cherehani alikuwa akicheka na mteja. Akanieleza akitazama mbele, kama bado anaendesha.

Alivuka ziwa kwa mtumbwi na mama yake, katika mawimbi ya wakimbizi ya zamani, sisi wote wawili tukiwa watoto, yeye huku na mimi Iringa nikienda shule bila kujua. Baba yake alibaki ufukweni kule kwao awatafutie nafasi ndugu wengine, na hapo ndipo alipomwona mwisho. Waliwekwa kwenye ule mteremko wasubiri malori. Wakati ule barabara ilikuwa ya vumbi na nyembamba. Ugonjwa wa kuhara ukaingia. Alikumbuka mama yake akiinua kichwa kila aliposikia lori likipanda kilima, na kukilaza tena. Alikumbuka watu wawili wakimbeba amefungwa kwenye turubai la plastiki. Baada ya hapo kumbukumbu yake ilikuwa giza, na kitu kilichofuata kilikuwa harufu ya mawese yakichemka kwenye nyumba moja ya Ujiji, na mwanamke aliyemwambia kwa Kiswahili, lugha asiyoijua, kwamba ale.

"Yule ndiye mama unayemsikia nikimtaja kila siku," alisema. "Mtaani wanajua mimi ni mwanawe. Mke wangu anajua hivyo. Siku hizi mtu akiteleza neno moja la Kirundi anaulizwa karatasi. Sina karatasi nyingine zaidi ya zile alizonitafutia yeye."

Nikamuuliza kama angetaka nifanye nini. Akasema hajui. Akawasha gari.

Nilijua sheria. Ukikuta makaburi kazi inasimama, serikali ya mtaa inaitwa, watu wa afya wanaitwa, ndugu wanatafutwa. Asubuhi nilimpigia mkuu wangu nikamwambia kuwa hatuchimbi, kwa sababu zile alama ni makaburi.

"Rada haioni makaburi," akasema.

"Inaona ardhi iliyochimbwa. Mistari kumi na kitu, urefu wa mtu, imelala upande mmoja. Nani anapanga mawe hivyo?"

Akasema trela halitasubiri wafu, ila si kwa ukali, na akaniruhusu niende kwenye ofisi ya kata.

Ofisa wa kata alikuwa mtu wa Mbeya, mpole, mwenye kikohozi. Alisikiliza, akakuna kidevu. Alikuja Kigoma baada ya lami kujengwa; hakujua lolote. Tangazo lingebandikwa. Ila alihitaji angalau mtu mmoja aliyejua ni akina nani wale, walizikwaje, kwa dini gani, maana bila hivyo wangehamishwa kama mizigo isiyo na mwenyewe. "Tafuta mtu," aliniambia. "Wazee wa huku wanajua."

Dereva alikuwa amekaa garini nje ya dirisha lile. Sikumtaja.

Jioni hiyo alinipeleka Ujiji kwa mama yake bila mimi kumwomba. Tulipita mitaa ya nyumba za udongo zenye baraza, wazee wa kofia wakirudi msikitini. Mama alikuwa ameketi uani kwenye mkeka akichambua dagaa, mwanamke mnene mwenye macho yaliyokuwa yameanza ukungu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa." Akamtazama mwanawe aliyesimama mlangoni, hakuingia wala hakutoka. "Amekwambia."

"Ameniambia, mama."

Aliendelea kuchambua dagaa. Alisema kwamba lami ilipokuwa ikijengwa alikwenda kwenye kambi ya ujenzi. Alikaa kwenye benchi hadi adhuhuri. Kijana mmoja akamsikiliza na kumwambia atafikisha habari. Siku nyingine alipopita aliona greda limekwisha kusawazisha. "Nikamwambia Mwenyezi Mungu, mimi nimesema."

"Anahitajika mtu wa kusema tena," nikamwambia. "Kule kata."

"Nitakwenda mimi. Huyu abaki." Alimwelekezea mwanawe kidole chenye magamba ya dagaa. "Umesikia? Utakaa garini."

Kesho yake alivaa baibui jipya. Ofisini alikataa kiti. Akamwambia ofisa kwamba wale ni wakimbizi wa zamani, Wakristo kwa wingi wao, walizikwa na wenzao kwa haraka, na kwamba mmoja wao ni dada yake.

"Dada yako? Mkimbizi?" ofisa akauliza. "Wa tumbo moja?"

"Matumbo mawili," akasema. "Mtoto mmoja."

Ofisa aliacha kukohoa. Nadhani alielewa. Nadhani pia alikuwa tayari kuliacha jambo hapo, kwa sababu alishusha macho na kuanza kuandika. Lakini mlango ulifunguliwa na dereva akaingia. Alikuwa amevua kofia, ameishika kwa mikono miwili. Mama yake aligeuka na kusema jina lake, mara moja, kwa namna ya kumkanya.

"Ni mama yangu," alimwambia ofisa. "Mmoja wa wale. Mimi ndiye mtoto."

Nilitoka nje. Haikuwa mahali pangu pa kusimama. Kupitia dirishani nilimsikia mama akilia kwa hasira na kumwambia, "Miaka yote nimekuficha, leo unajitoa mwenyewe," na yeye akimjibu kitu ambacho sikukisikia.

Tulifukua wiki iliyofuata. Upande mmoja wa barabara ulifungwa, malori yakapita kwa zamu upande mwingine, madereva wakipunguza mwendo na kuchungulia. Watu wa afya walivaa glavu na barakoa. Niliwaonyesha kwa chokaa pale rada ilipoonyesha mikato, na vibarua wakachimba taratibu, wakiondoa lami kwanza, kisha kokoto, kisha moramu. Kazi yangu yote ilikuwa kuweka tabaka hizo. Nilikuwa sijawahi kuziona zikitolewa kwa mikono.

Hawakuwa mbali. Kitu kilichotutisha wote ni plastiki. Mifupa ilikuwa imekuwa myepesi na ya rangi ya udongo, nguo zilikuwa zimekwisha, lakini yale maturubai yalikuwa bado ni maturubai. Buluu ilikuwa bado buluu. Ukiyapangusa yanang'aa. Na ukiinua macho, kwenye lori lililokuwa likipita wakati huohuo, watu walikuwa wamejifunika jua kwa plastiki ya namna ileile. Kibarua mmoja aliweka chini beleshi lake akaenda kukaa, na hakuna aliyemwita.

Wote walikuwa wamefungwa sawa. Tulipata rozari ya plastiki, kikombe, kisahani cha bati. Hakuna kilichomsaidia dereva. Ofisa wa afya, mwanamke mkarimu, alimuuliza kama kuna alama yoyote, jino, kidonda cha zamani, chochote. Alitikisa kichwa. Hakukumbuka hata sura ya mama yake. Alipita kwenye mstari ule wa maturubai yaliyowekwa juu ya nyasi, akaenda mpaka mwisho, akarudi, akasimama.

"Huyu," akasema.

Baadaye nilimuuliza alijuaje. Akasema hakujua. Alichagua aliyezikwa karibu zaidi na barabara ya zamani, kwa sababu mama yake alikuwa akisikiliza malori.

Lilibaki shimo moja mwishoni mwa mstari. Kwenye rada lilionekana fupi kuliko mengine, na bila upinde ndani yake. Nilikuwa nimeliwekea alama ya kuuliza. Vibarua wakachimba. Kuta zake zilionekana wazi, zimekatwa vizuri na jembe, udongo wa ndani mwekundu zaidi kuliko wa pembeni. Wakafika chini. Hakukuwa na kitu. Hakuna mfupa, hakuna plastiki.

"Mwili umehamishwa?" ofisa wa afya akauliza.

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda alicholetewa, chini ya mwavuli, tangu asubuhi. Nikamwona anajaribu kuinuka, anashindwa, anakaa tena. Mwanawe akamkimbilia akidhani jua limempiga.

"Lile ni lako," akamwambia.

Hakuna aliyemwelewa.

"Lile shimo. Ni lako wewe."

Akasimulia pale pale, mbele yetu wote, mkono wake umeshika mkono wa shati la mwanawe. Siku zile alikuwa akileta uji wa mtama kutoka Ujiji, yeye na wanawake wengine wa mtaani, wakiubeba vichwani. Watu walikuwa wakifa haraka hata wachimbaji wakawa wanachimba asubuhi kwa ajili ya watakaofika jioni, wakikisia urefu kwa kuwatazama wagonjwa. Alikuta mwanamke amekwisha kubebwa, na mtoto wake amelala kwenye nyasi, macho yamezama, inzi wamemjaa. Mchimbaji alikuwa anamalizia shimo fupi. Alimwambia yule mama wa uji asipoteze uji kwa huyo, anamsubiri tu.

"Nikaweka sufuria chini nikakubeba," alisema. "Hukuwa na uzito wa kuku. Nikamwambia yule mtu alifukie lile shimo. Akasema la nini kulifukia, kesho atapatikana mwingine. Nikamwambia halifai kubaki wazi, litamsubiri. Nikasimama pale nawe mgongoni mpaka alipolijaza."

Mvua ilikuwa imeanza kudondoka matone makubwa. Dereva alisimama ukingoni mwa shimo lile akilitazama. Kwa mlalo, urefu wake ulifika kifuani mwa mtu mzima, si zaidi. Nilimwona akilipima kwa macho kama mtu anayepima nguo. Uso wake haukuwa na huzuni niliyoitarajia. Ulikuwa na mshangao wa mtu aliyekutana njiani na mtu anayefanana naye. Kisha akachukua beleshi lililoachwa na yule kibarua, akaanza kulijaza. Vibarua wawili wakasogea kumsaidia. Akawazuia kwa mkono. Alilijaza peke yake, mvua ikimpiga, na alipomaliza akalikanyaga kwa miguu, akizunguka, kama wanavyoshindilia sakafu ya nyumba ya udongo. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akikanyaga mahali pale.

Kwa kanuni za kazi yangu ule ujazo haukufaa kitu. Nilipaswa kuutoa wote, kuweka moramu kwa matabaka na kuyapitishia rola. Tulifanya hivyo kwa mashimo mengine yote. Lile la mwisho lilikuwa nje kidogo ya barabara, na nikasema lisiguswe.

Walizikwa upya kwenye makaburi ya kata. Katekista alisoma kwa Kiswahili, akatamka sala moja kwa Kirundi ambayo watu wachache waliitikia. Walikuwa wanawake wanne watano wa uwanjani, waliosikia habari na kuomba ruhusa ya kuja kabla basi lao halijaondoka. Hawakumjua yeyote kati ya waliokuwa wakizikwa. Walilia sana. Mama wa Ujiji alisimama nyuma na baibui lake, viganja vimefunguliwa, akiomba dua yake kimyakimya.

Trela lilipita baada ya siku chache, likitambaa, magurudumu yake mengi yakizunguka polepole, watu wamejipanga pembeni kama wanaangalia harusi. Nilitembea kando yake na kutazama lami ya mteremko ule. Haikutitia. Mkuu wangu alinipongeza kwa simu, nami nikamshukuru, na nilipokata simu nikagundua kwamba nilikuwa nimetembea njia yote nikiwa begani, kwenye majani, sitaki kukanyaga lami.

Hali hiyo haijaniisha. Nimefanya kazi na rada mikoa mingine mingi tangu wakati ule, na kila tabaka zinapokatika kwenye kioo hukaa kwanza na kupumua kabla sijamwambia dereva arudi nyuma. Mara nyingi ni kalavati la zamani, au bomba, au kisiki kilichooza. Mwili wangu hauniamini nikiuambia hivyo.

Yule kijana wa Ujiji alilipa gharama ya kusema. Aliitwa kujieleza mara nyingi, akakaa muda bila kazi, na kila alipoitwa mama yake alikwenda naye na kuketi karibu naye kwenye benchi, akitaka kuulizwa yeye kwanza. Mkewe alirudi kwao miezi kadhaa, kisha akarejea. Mwishowe alipata kibali cha kuishi nchini, kipande cha karatasi alichonionyesha kwenye simu kabla hajaniambia hata habari za watoto.

Mara ya mwisho nilipopita Kigoma nilimkuta Kibirizi, ufukweni, ambako sasa ana banda la kutengeneza injini za boti. Alikuwa amenenepa kidogo. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, amezikwa Ujiji kwa heshima zote, mtaa mzima ulikuwepo. Tulikula ugali wa muhogo na migebuka ya kuchoma, ziwa limetulia mbele yetu, milima ya Kongo ikionekana kama moshi.

Nikamuuliza kama anakwenda kule kwenye makaburi ya kata.

"Nakwenda," alisema. "Ijumaa naenda kwa mama wa Ujiji, Jumapili naenda kwa yule. Kwa mama wa Ujiji naongea weee mpaka nachoka, kila kitu namwambia." Alinawa mikono, akaikung'uta maji, akatazama upande wa ziwa. "Kwa yule ni kazi. Kirundi kimenitoka. Namsalimia, *amahoro*, namwambia mimi ni nani, halafu maneno yananiishia. Basi naendelea kwa Kiswahili. Namweleza habari za watoto, injini, kila kitu, kwa Kiswahili. Na yeye alikufa hajui hata neno moja la Kiswahili."

Boti moja ilikuwa inaingia ikikohoa moshi, na mwenye boti akawa anampungia mkono kutoka majini. Akasimama kwenda kuipokea.